Mchikichi na Utunzaji wa Ngozi

Ngozi inayopauka

Tuseme wewe ni mkazi wa Ujiji, na mwezi ni Julai. Mvua zilikwisha zamani. Upepo mkavu wa kiangazi unavuma tangu asubuhi, na mawimbi ya Ziwa Tanganyika yanapiga mchangani. Unatoka kuoga pamoja na wenzako. Baada ya muda mfupi, jua na upepo vinakausha miili yenu. Mnatazamana miguu na kucheka, kwa sababu imekuwa myeupe kana kwamba imepakwa majivu. Ukipitisha ukucha juu ya ngozi, mstari mweupe unabaki.

Ufikapo nyumbani, bibi yako anachukua kichupa cha mafuta. Anakuita: "Njoo hapa, mjukuu wangu." Anamimina mafuta kidogo kiganjani, anayasugua kwa viganja viwili, kisha anakupaka miguu na mikono. Mara moja weupe ule unatoweka na ngozi inang'aa.

Jambo hili linafaa kufikiriwa. Umetoka majini sasa hivi, nawe ulikuwa umelowa mwili mzima. Kwa nini basi ngozi yako ni kavu? Na kwa nini mafuta, ambayo si maji, yanaiondolea ukavu?

Katika somo hili tutatafuta majibu ya maswali hayo. Tutajifunza pia kuhusu mti unaotupatia mafuta hayo, yaani mchikichi, na jinsi mafuta yake yanavyogeuzwa kuwa sabuni. Mwisho tutaona hatari ambayo kila mtoto anayeishi karibu na watengenezaji sabuni hana budi kuifahamu.

Ngozi na maji yake

Ngozi ni kiungo kikubwa cha mwili. Huuzuia mwili usiingiwe na vijidudu vya magonjwa, na huyazuia maji yaliyomo mwilini yasipotee ovyo. Ndani ya ngozi mna vitezi vidogo sana. Vingine hutoa jasho, na vingine hutoa mafuta. Mafuta hayo ya mwili hutandaa juu ya ngozi kama utando mwembamba, nao hupunguza upotevu wa maji.

Hewa ikiwa kavu na upepo ukivuma, maji ya ngozi hugeuka mvuke upesi. Tukioga mara nyingi, hasa kwa sabuni kali, tunauondoa utando wa mafuta. Hapo ngozi hukauka, hukakamaa na kupauka. Ikiendelea hivyo kwa muda mrefu, hupasuka. Pengine umekwisha kuona watu wazima wenye nyufa katika visigino. Nyufa hizo huuma, na vijidudu huweza kuingia mwilini kupitia humo. Kwa hiyo kupaka mafuta si urembo tu. Ni sehemu ya usafi na afya.

Jaribio la 1: Je, mafuta huzuia maji yasipotee?

Vifaa: vikopo viwili vinavyolingana, maji, mafuta ya kupikia yaliyo majimaji, na kalamu.

Utaratibu:
1. Tia maji katika vikopo vyote viwili yafike nusu. Hakikisha yanalingana.
2. Katika kikopo cha pili, mimina mafuta polepole mpaka yafunike uso wote wa maji.
3. Weka alama kwa kalamu mahali maji na mafuta yalipofika.
4. Viweke vikopo vyote mahali pamoja, penye kivuli na upepo, pasipofikiwa na kuku wala watoto wadogo.
5. Vitazame kila siku kwa muda wa siku tano. Andika unayoyaona.

Utaona kwamba maji ya kikopo cha kwanza yamepungua. Ya kikopo cha pili yamebaki karibu kama yalivyokuwa. Mafuta hayakuongeza maji hata tone moja. Yaliyazuia tu yaliyokuwamo yasiondoke.

Ngozi yako si kikopo, lakini kanuni ni hiyo hiyo. Mafuta hayaiongezei ngozi maji, bali huyalinda maji yaliyomo. Kwa sababu hii, wakati bora wa kupaka mafuta ni mara baada ya kuoga na kujifuta, ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo. Mtu anayesubiri mpaka ngozi ikauke kabisa hulinda kidogo tu, kwa sababu maji mengi yamekwisha kupotea.

Asili ya mchikichi

Mchikichi ni mti wa jamii ya minazi na mitende. Shina lake ni moja, limesimama wima, nalo halina matawi. Majani yake marefu hukaa kileleni kama ya mnazi. Matunda yake huitwa chikichi. Hayaning'inii mbali na shina, bali hukaa yamesongamana katika mikungu mizito iliyojificha katikati ya makuti yenye miiba.

Asili ya mti huu ni nchi zenye joto na mvua za Afrika ya Magharibi na ya Kati. Kutoka bonde la Kongo ulienea hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika, nao umekuwapo hapa kwa muda mrefu. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Ujiji mwaka 1858. Burton aliandika habari za michikichi aliyoiona katika pwani ya ziwa hili na mafuta yaliyopatikana kwayo. Kwa hiyo reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, wenyeji walikwisha kuwa mafundi wa mawese tangu zamani.

Siku hizi mkoa wa Kigoma unajulikana nchini kote kwa zao hili. Ukitoka mjini Kigoma ukapita Mwandiga, au ukielekea Simbo na Ilagala, utaona michikichi mashambani, mabondeni na hata nyuani pa nyumba.

Mti huu umesafiri mbali pia. Mwaka 1848 miche minne ya mchikichi ilipandwa katika bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java. Miche hiyo ilikuwa chanzo cha mashamba makubwa ya Asia. Leo Indonesia na Malaysia ndizo nchi zinazotoa mawese mengi kupita zote duniani, ingawa mti wenyewe ni wa Afrika.

Tunda lenye mafuta ya aina mbili

Shika chikichi moja mkononi mwako. Tunda likiwa bivu, ngozi yake huwa nyekundu au rangi ya machungwa, na mara nyingi kichwa chake huwa cheusi. Mwombe mwalimu alipasue. Utaona sehemu hizi:

Kwanza kuna ngozi nyembamba ya nje. Ndani yake mna nyama yenye nyuzinyuzi, rangi yake ya machungwa. Ukiibonyeza, vidole vyako vitapata mafuta. Katikati mna kokwa lenye ganda gumu sana. Ukilipasua kwa jiwe, utapata kiini cheupe kinachofanana na nyama ya nazi. Viini hivyo huitwa mise.

Nyama ya tunda hutoa mawese. Mise hutoa mafuta ya mise. Mafuta haya mawili hutoka katika tunda moja, lakini hayafanani kwa rangi, wala kwa harufu, wala kwa matumizi.

Namna ya kupata mawese

Mkwezi hupanda mchikichi kwa kamba iliyozunguka kiuno chake na shina la mti. Hukata mkungu ulioiva kwa panga au shoka. Mkungu huachwa siku chache ili matunda yalegee, kisha huchambuliwa.

Matunda huchemshwa katika pipa mpaka yalainike. Kuchemsha kuna faida nyingine. Joto huzuia mafuta yasiharibike upesi. Baada ya hapo matunda hutwangwa katika kinu au husagwa kwa mashine, na rojo linalopatikana hukamuliwa. Zipo mashine za kukamulia zinazozungushwa kwa mikono, na zipo zinazoendeshwa kwa injini. Mafuta yaliyokamuliwa huwa yamechanganyika na maji na takataka. Huchemshwa tena, maji hutoka kwa mvuke, taka huchujwa, na mawese safi mekundu hubaki.

Wekundu wa mawese hutokana na karotini, ambayo pia imo katika karoti na maembe. Mwili wetu hugeuza karotini kuwa vitamini A, ambayo ni muhimu kwa afya ya macho na ya ngozi. Lakini uangalie: faida hii hupatikana kwa kula mawese, siyo kwa kujipaka. Tena mawese yakichomwa motoni mpaka yawe meupe, karotini yake huharibika.

Namna ya kupata mafuta ya mise

Kokwa zilizobaki hazitupwi. Huanikwa juani mpaka kiini kijitenge na ganda. Kisha hupasuliwa moja moja kwa jiwe, au kwa mashine. Kazi ya jiwe huhitaji uvumilivu, nayo hufanywa mara nyingi na akina mama wakiwa wamekaa pamoja kivulini.

Ili kupata mafuta kwa njia ya zamani, mise hukaangwa katika chungu au sufuria hadi zitoe mafuta, au hutwangwa baada ya kukaangwa kisha huchemshwa. Mafuta huelea juu, nayo huenguliwa. Mafuta haya huwa ya rangi ya kahawia iliyoiva na harufu ya kuungua. Mise zikikamuliwa kwa mashine bila kukaangwa sana, mafuta yake huwa ya manjano hafifu. Mabaki ya mise huitwa mashudu, na hulishwa mifugo. Maganda magumu hutumiwa kama kuni. Basi hakuna sehemu ya tunda isiyo na kazi.

Mafuta yanayoganda na kuyeyuka

Bila shaka umekwisha kuona kwamba asubuhi ya baridi mafuta ya mise huganda ndani ya chupa, na mchana huwa majimaji. Sababu ni kwamba mafuta haya huyeyuka katika joto la nyuzi 24 hadi 28 hivi za Selsiasi. Mwili wa binadamu una joto la nyuzi 37 hivi. Kwa hiyo hata mafuta yaliyoganda huyeyuka upesi yakisuguliwa katika viganja, na huenea vizuri juu ya ngozi. Ndiyo sababu bibi yako huyasugua viganjani kwanza.

Jirani zetu wana mti mwingine wenye sifa kama hiyo. Kaskazini mwa Uganda na Sudani Kusini, katika mbuga zenye ukame, huota mti wa shea. Mti huo umeenea kutoka huko hadi Senegali. Waacholi na Walango wa Uganda huyaokota matunda yake yaliyoanguka. Hutoa kokwa, huzianika, huzitwanga, na kupata mafuta mazito ya kupikia na ya kupaka mwilini. Siku hizi mafuta ya shea huuzwa katika nchi nyingi za dunia na kutiwa katika vipodozi.

Mti wa shea hauoti katika mwambao wetu. Huota wenyewe porini, nao huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa, mara nyingi 15 au zaidi. Mchikichi hupenda mvua nyingi zaidi, na ukitunzwa huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne. Kwa hiyo watu wa kila mahali wametumia mti uliokuwa karibu nao. Mwenyeji wa Gulu akipaka shea na mwenyeji wa Ujiji akipaka mise, wote wawili wanafanya kazi moja: wanalinda maji ya ngozi.

Mambo ambayo mafuta hayawezi kufanya

Mafuta ya mise hulainisha ngozi na nywele, na huzuia nyufa. Lakini si vema kuyasifu kupita kiasi. Yako mambo matatu ambayo hayawezi kuyafanya.

Kwanza, mafuta si dawa ya magonjwa ya ngozi. Mtoto mwenye upele, mashilingi au vidonda apelekwe katika zahanati. Usipake mafuta juu ya kidonda kibichi au mahali palipoungua.

Pili, mafuta hayazuii jua kali. Ndugu zetu wenye ualbino wana ngozi iliyo na rangi kidogo sana, na jua huidhuru vibaya. Wao huhitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu, kivuli, na mafuta maalumu ya kukinga jua yanayotolewa na wataalamu wa afya. Mafuta ya mise au ya shea hayatoshi. Ukiwa na mwenzako mwenye ualbino darasani, mpishe akae mbali na dirisha lenye jua.

Tatu, mafuta hayabadili rangi ya ngozi, wala hakuna haja ya kuibadili. Rangi nyeusi ya ngozi ni kinga dhidi ya miali ya jua. Wako watu wanaouza krimu na sabuni za kuchubua ngozi. Baadhi ya vipodozi hivyo vina zebaki, ambayo ni sumu inayodhuru figo na ubongo. Vingine vina haidrokwinoni, ambayo huweza kuharibu ngozi. Vipodozi vyenye vitu hivyo vimepigwa marufuku nchini Tanzania. Usikubali kupakwa, hata ukipewa na mtu unayemfahamu.

Mafuta yanapogeuka sabuni

Tumesema kwamba mafuta na maji havichangamani. Lakini sabuni hutengenezwa kwa mafuta, na sabuni hiyo hiyo huondoa mafuta! Hili linawezekanaje?

Mafuta yakichanganywa na kitu kikali kiitwacho alikali, pamoja na maji, hubadilika kabisa. Hupatikana vitu viwili vipya: sabuni na gliserini. Zamani alikali ilipatikana kwa majivu. Majivu ya mimea, kama vile maganda ya ndizi yaliyochomwa, hutiwa maji, kisha maji hayo huchujwa. Ukichemsha maji hayo pamoja na mafuta, utapata sabuni laini.

Siku hizi watengenezaji wengi hutumia kostiki soda inayouzwa madukani. Hutoa sabuni ngumu inayoweza kukatwa vipande. Katika mkoa wa Kigoma sabuni ya kienyeji inayotengenezwa kwa mawese huitwa gwanji. Mawese hufanya sabuni iwe ngumu na isiishe upesi. Mafuta ya mise hufanya itoe povu jingi. Kwa sababu hiyo, mafundi wengine huchanganya mafuta yote mawili. Gliserini hubaki ndani ya sabuni ya namna hii, nayo husaidia ngozi kushika unyevu.

Jaribio la 2: Kazi ya sabuni

Vifaa: chupa safi yenye kifuniko, maji, kijiko kimoja cha mafuta, na kipande cha sabuni ya kawaida.

Utaratibu:
1. Tia maji katika chupa yafike nusu. Ongeza mafuta. Funika na utikise kwa nguvu.
2. Iweke chupa mezani. Tazama mafuta yanavyorudi juu ya maji.
3. Sasa tia vipande vidogo vya sabuni. Tikisa tena, kisha uiweke mezani.

Safari hii mchanganyiko utakuwa mweupe kama maziwa, na mafuta yatachelewa sana kujitenga. Kila chembe ya sabuni ina ncha mbili. Ncha moja hushikamana na mafuta, na ya pili hushikamana na maji. Uchafu wa mwilini umegandamana na mafuta. Chembe za sabuni huyashika mafuta hayo kwa ncha moja na maji kwa ncha nyingine, na vyote huondoka pamoja unapojimwagia maji.

Sasa unaweza kueleza jambo lililotokea mwanzoni mwa somo. Sabuni haichagui. Huondoa mafuta yenye uchafu, na huondoa pia mafuta ya kawaida ya ngozi. Ndiyo sababu mtu anayeoga kwa sabuni wakati wa kiangazi hana budi kujipaka mafuta baadaye. Mchikichi hutupatia vyote viwili: sabuni ya kusafishia na mafuta ya kurudisha kinga ya ngozi.

Hatari ya kostiki soda

Soma sehemu hii polepole, kisha uwaeleze wadogo zako.

Kostiki soda ni nyeupe. Ukiitazama kwa mbali, unaweza kudhani ni chumvi au sukari. Ikiyeyushwa katika maji, huonekana kama maji ya kawaida. Lakini huunguza ngozi, na ikiingia machoni huweza kupofusha. Mtu akiinywa, huunguza kinywa na koo. Mtoto aliyenusurika anaweza kushindwa kumeza chakula kwa maisha yake yote, kwa sababu kovu huziba njia ya chakula.

Kwa hiyo zingatia masharti haya:
1. Wanafunzi wasiguse kostiki soda, wala wasijaribu kutengeneza sabuni peke yao. Hii ni kazi ya watu wazima.
2. Kostiki soda iwekwe juu, mahali pa kufungwa, katika chombo chake chenye maandishi. Isitiwe kamwe katika kikombe, wala katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa.
3. Fundi avae glavu za mpira, miwani na viatu, na afanyie kazi mahali penye hewa nyingi.
4. Kostiki soda hutiwa ndani ya maji kidogo kidogo. Maji yasimiminwe juu ya kostiki soda, kwa sababu mchanganyiko huchemka ghafula na kuruka.
5. Vipimo vipimwe kwa mizani. Kostiki soda ikizidi, sabuni yenyewe itaunguza ngozi. Sabuni mpya iachwe wiki kadhaa ikauke kabla ya kutumiwa.

Ikimpata mtu katika ngozi au macho, mwoshe mara moja kwa maji safi mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 20 au zaidi. Mvue nguo zilizorowa. Usimpake siki, mafuta wala dawa ya meno. Ikiwa ameinywa, usimtapishe, kwa maana itaunguza koo mara ya pili. Katika hali zote mbili, mwite mtu mzima na mpelekeni hospitali haraka.

Michikichi mipya

Michikichi mingi ya zamani mkoani Kigoma ni ya aina iitwayo Dura. Matunda yake yana ganda nene na nyama kidogo, kwa hiyo hutoa mawese machache. Ipo aina nyingine, Pisifera, ambayo matunda yake hayana ganda gumu, lakini mara nyingi haizai vizuri. Wataalamu huchukua chavua ya Pisifera na kuitia katika maua ya Dura. Mbegu zinazopatikana huota michikichi ya aina ya Tenera. Matunda ya Tenera yana ganda jembamba na nyama nyingi, nayo hutoa mawese mengi zaidi.

Mwaka 2018 Serikali ilianza juhudi kubwa za kufufua zao la mchikichi mkoani Kigoma, ili nchi ipunguze kununua mafuta ya kula kutoka ng'ambo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Kihinga, mkoani Kigoma, kilipewa kazi ya kuzalisha mbegu na miche ya Tenera.

Lakini tafakari jambo moja. Kokwa la Tenera ni dogo kuliko la Dura, na mara nyingi mise yake pia ni ndogo. Familia inayopata fedha zake kwa kupasua kokwa itapata nini? Wengine husema faida ya mawese itatosha kufidia. Wengine huacha michikichi michache ya zamani karibu na nyumba. Mkulima mwenye busara hupima mavuno ya mawese na ya mise, kisha huamua. Kumbuka pia kwamba mbegu zinazookotwa chini ya Tenera hazitaota Tenera zote. Mkulima anayetaka Tenera halisi hana budi kupata miche kutoka kwa wataalamu.

Muhtasari

Ngozi hukauka maji yake yanapopotea. Mafuta hayaongezi maji, bali huyalinda yaliyomo. Mchikichi hutupatia mawese kutoka katika nyama ya tunda, na mafuta ya mise kutoka katika kiini cha kokwa. Mafuta yakiungana na alikali huwa sabuni. Sabuni huondoa uchafu pamoja na mafuta ya ngozi, kwa hiyo baada ya kuoga tupake mafuta. Kostiki soda ni hatari, na mahali pake ni mbali na watoto.

Maswali

1. Kwa nini miguu hupauka upesi wakati wa kiangazi kuliko wakati wa masika?
2. Ni wakati gani unaofaa zaidi kupaka mafuta? Eleza sababu.
3. Chora tunda la chikichi lililopasuliwa. Andika majina ya sehemu zake.
4. Taja tofauti tatu kati ya mawese na mafuta ya mise.
5. Kwa nini mafuta ya mise huganda asubuhi na kuyeyuka mchana?
6. Umemkuta mdogo wako ameshika kopo la kostiki soda, na mkono wake umelowa. Utafanya nini kwanza? Utafanya nini baadaye?
7. Mtu mmoja anasema, "Mafuta haya ya asili hukinga jua, kwa hiyo mwenye ualbino hahitaji kofia." Mjibu.

Kazi ya kufanya

Mwulize mzee mmoja wa mtaani kwako jinsi watu walivyotengeneza sabuni na mafuta ya kupaka alipokuwa mtoto. Andika maelezo yake, kisha uyasome mbele ya darasa. Ukiwa nyumbani, tazama pia mahali vitu vikali vinapowekwa. Ikiwa mtoto mdogo anaweza kuvifikia, mwombe mzazi wako avihamishe siku hiyo hiyo.